Ripoti Niliyotia Sahihi Nimesimama

Ripoti ya mwanangu ya muhula wa kwanza niliitia sahihi nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, boti ya Manda inaningoja gatini. Niliona "anakaribia matarajio" mara tatu, nikampiga kofi la bega: "Haya, wakaribia kufika." Akafurahi, nami nikafurahi. Oktoba ndipo mwalimu wake aliponiketisha kwenye dawati dogo, magoti yamenifika kifuani, akanieleza kwa upole kwamba ngazi ziko nne: amezidi matarajio, ametimiza, anakaribia, na yuko chini. "Anakaribia" ni ya pili kutoka mwisho. Nilikuwa nimempongeza mtoto kwa kukwama, tena kwa sahihi yangu.

Kosa si la mwalimu. Sisi tuliosoma 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, tumebaki na akili ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ile akili ya kucheza mpaka darasa la saba halafu kukamatwa la nane. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, ikaisha, lakini mazoea yake bado tunayo. Watoto wa CBC, mtaala mpya wa umilisi, wanapimwa shuleni gredi ya nne, ya tano na ya sita, na alama mwalimu anazipeleka KNEC, baraza la mitihani la taifa. Mwisho wa gredi ya sita kuna KPSEA, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 2022. Mfumo ulipopangwa, kazi ya miaka hiyo mitatu ilipewa asilimia 60 na ule mtihani wenyewe 40. Na matokeo ya KPSEA hayafi hapo: yanahesabiwa tena asilimia 20 mtoto anapomaliza gredi ya tisa na kutafutiwa shule ya sekondari ya juu.

Barazani utasikia, "Kwani si wote wanaingia gredi ya saba?" Wanaingia, tena wengi wao ua ni ule ule na geti ni lile lile. Ila alama nazo zinaingia pamoja nao.

Mimi ningeambiwa nichague mwaka mmoja wa kumkazia macho mtoto, nisingechagua wa sita. Ningechagua wa nne. Gredi za chini mtoto hufundishwa sana kwa lugha anayoijua. Akifika ya nne masomo yanaongezeka, na karibu yote isipokuwa Kiswahili yanageuka Kiingereza. Wangu alinieleza sebuleni, mbele ya bibi yake, jinsi maji ya bahari yanavyokauka kwenye mwamba yakaacha chumvi, na kwa nini siku ya mawingu yanachelewa. Bibi akamwombea dua. Kesho yake nikafungua daftari la sayansi: swali hilo hilo kwa Kiingereza, hakuandika hata neno, na alama nyekundu ya mkasi imekaa hapo. Nilikuwa karibu kumtafutia tuisheni ya sayansi! Sayansi alikuwa nayo, alichokosa ni maneno. Siku hizi akileta jibu baya, kwanza namwambia anieleze kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, tunatafuta maneno ya Kiingereza pamoja, matano tu, tunalala. Akishindwa hata kwa Kiswahili, hapo ndipo namwendea mwalimu.

Jambo la cheti cha kuzaliwa nalisema haraka kwa sababu halina utamu. Nambari ya tathmini ya KNEC mtoto huandikishwa gredi ya tatu, na jina linalofuata ni lile lililoandikwa siku hiyo. Huku kwetu mtoto huyo huyo ni Saleh kwenye cheti, Swaleh kwenye rejista ya darasa na Swalehe kwenye daftari lake. Nenda ukalinganishe herufi kwa herufi mapema. Kurekebisha gredi ya sita ni safari za ofisi hii na ile, na nauli zake.

Kuna jambo kalenda ya shule haitaandika kwa ajili yetu. Muhula wa pili, ambao ndio mrefu, unaangukia kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini. Bahari chafu, vyombo vimepumzika, wavuvi hawana kitu, na wale tunaowauzia wavuvi tuna kidogo zaidi. Ndipo yunifomu inapochanika na daftari la hesabu linapojaa. Nimeona mtoto akigeuza daftari juu chini aanzie nyuma, asiseme nyumbani. Ukiwa na kitu wakati wa kaskazi, bahari imetulia, nunua madaftari ya mwaka mzima uyafiche juu ya kabati. Muhula wa tatu una wiki tisa tu, na tathmini zimo humo humo. Hakuna kinachorekebishwa katika wiki tisa.

Na sasa nikiri dhambi yangu. Waliambiwa watengeneze chombo cha usafiri kwa vitu vya nyumbani. Nikaona aibu mtoto wa Lamu apeleke kopo lenye magurudumu, nikamwendea fundi wa Matondoni. Akatoa dau dogo zuri, tanga la kitambaa, limepakwa na mafuta. Mwalimu akalisifu, kisha akamuuliza mwanangu, "Ulianza na nini?" Akajibu, "Tanga." Darasa lote likaangua kicheko, maana hata mtoto wa gredi ya kwanza hapa anajua chombo huanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa. Alirudi nyumbani hakunisemesha mpaka magharibi. Lile kopo lingemfaa zaidi.

Somo ambalo wazazi wa hapa tunalipuuza kwa kiburi ni Kiswahili. Tunajiambia, atafeli vipi na lugha ni ya nyanyake? Lakini mtoto wetu njia, macho, mchele na mchanga anasema ndia, mato, mtele, mtanga. Akiandika "mamangu aliniambia ndoo," yaani njoo, mwalimu aliyetoka bara anadhani mama ametaka maji ya kuoga. Wino mwekundu unamwagika, na mtoto anaanza kuamini kwamba Kiswahili hakijui, hapa Amu, yaani Lamu, mji ambao tenzi zake zinasomwa vyuo vikuu. Sitaki mtu amkataze mtoto Kiamu, lahaja yetu. Nataka mzazi amwambie mapema kwamba ana Kiswahili cha nyumbani na kingine cha daftari, na kwamba kuvijua vyote viwili ni mali. Walimu nao, wale niliozungumza nao, wakielezwa huelewa. Mmoja aliniomba nimwandikie orodha ya maneno.

Siku hizi siombi ripoti. Alhamisi baada ya isha, chuo cha Kurani kimekwisha na chakula kimeliwa, namwambia alete madaftari barazani. Wiki iliyopita nikakuta insha ambayo ameandika "njia", akaikata, akaandika "ndia" juu yake, akaikata tena, akarudisha "njia". Akaniuliza kwa sauti ya chini, mlango uko wazi, "Baba, kwani bibi akisema ndia huwa amekosea?"

Nikamwambia hajakosea hata kidogo, ila bibi hafanyi KPSEA.

Kutoka ndani tukasikia, "Nimewasikia!"