Fungua kurasa za mwisho za kaunta buku lako

Jumapili iliyopita mtoto wa shangazi yangu alikuja nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Yuko mwaka wa pili, shahada ya hisabati, na kabla ya kusajili kozi za mwaka wa tatu anatakiwa aamue: abaki kwenye hisabati tupu, ile ya nadharia na uthibitisho, aende hisabati tumizi, au aelemee takwimu. Alikuwa ameorodhesha kozi za hiari, nyingine amezitia alama ya vema. Nikadhani ndizo anazozipenda. Kumbe ndizo ambazo waliomtangulia walimwambia zina A za bure.

"Dada, nisikufiche," akasema, "mimi nataka mchepuo wenye kazi. Mama naye kasema hivyo hivyo."

Sikumlaumu, wala simlaumu shangazi. Mtoto anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na deni la Bodi halisamehewi kwa sababu ulipenda somo. Mtu aliyetoka kwenye nyumba ambayo ada ya sekondari ilikuwa kikao cha ukoo ana kila haki ya kuuliza kazi iko wapi. Ila swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa vyuoni kwetu, limewapeleka wengi mahali pabaya, na mmoja wao ni mimi.

Mwaka wangu wa tatu nilikimbia uchambuzi wa namba halisi, kozi ya kuthibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi. Nilikuwa nimeponea chupuchupu kozi ya kwanza, na bwenini maneno yalikuwa yale yale kila usiku: uthibitisho hauliwi, nani atakuajiri kwa sababu unajua kikomo ni nini? Nikajaza takwimu kila palipokuwa na nafasi, na kozi ya pili ya aljebra ya matriksi, yaani ya majedwali ya namba, nikaiacha kwa sababu hiyo hiyo. Nikahitimu, nikapata kazi ya kuchambua data za utafiti wa kaya. Mwezi wa pili tu nikakwama. Nilikuwa natafuta ni vitu gani vinaendana na kipato cha kaya, nikaiingizia programu kila safu niliyokuwa nayo, umri wa mkuu wa kaya na mwaka wake wa kuzaliwa vikiwa humo. Majibu yakatoka na namba mbili kubwa za kutisha zisizo na maana yoyote. Nilibadilisha programu. Nikasafisha data upya. Siku tatu zikapita.

Safu mbili zile zilikuwa zinasema jambo moja. Anayeijua aljebra ya matriksi anaona papo hapo kwamba safu moja ikikaribia kupatikana kutokana na nyingine, matriksi unayotaka kuigeuza inakaribia kutogeuzika, na kosa dogo kabisa kwenye data linavimba kwenye jibu. Nilikuwa nimeikariri kanuni yake na nimeifanyia mtihani. Sikuwa najua kwa nini inafanya kazi, kwa hiyo sikuweza kujua ni lini haifanyi kazi. Mwenzangu aliyesoma hisabati tupu, ambaye tulimhurumia chuoni kwamba atafia mtaani, aliitazama skrini yangu dakika moja akaniambia, "Toa safu moja."

Tangu siku hiyo siamini kwamba jina la mchepuo ndilo linalobeba kazi.

Chukua takwimu bima, ambayo sasa hivi ndiyo ndoto ya kila aliyefaulu vizuri PCM (fizikia, kemia, hisabati) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati) kidato cha sita na hataki uhandisi. Ni fani nzuri na nzito: kupima vifo, ajali, ugonjwa na uzee ili kampuni ya bima au mfuko wa pensheni ujue leo uweke akiba kiasi gani kwa malipo ya miaka 30 ijayo. Lakini wangapi wanaambiwa siku ya kwanza kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mtakwimu bima kamili? Kuna mitihani ya bodi za kitaaluma, kama ile ya Uingereza na ile ya Marekani, na watu huichukua kwa miaka kadhaa baada ya chuo, wakiwa kazini, kwa gharama yao au ya mwajiri. Anayeivuka ni yule ambaye uwezekano na kalkulasi vimemkaa damuni. Aliyefuata mshahara tu huishia njiani, na Nairobi na Dar es Salaam zote zina wahitimu wa aina hiyo.

Ukisema haya unaambiwa unatetea nadharia zisizo na faida kwa nchi maskini. Basi tuzungumze malaria, maana hakuna jambo letu zaidi ya hilo. Ronald Ross, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayeieneza, hakuishia kwenye hadubini. Alikaa akaandika milinganyo, na milinganyo ikamwonyesha jambo ambalo watu wa wakati wake hawakulikubali kwa urahisi: si lazima umuue kila mbu. Ukiwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe unafifia. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick wakajenga hesabu ya mlipuko wa maradhi ambayo mpaka leo wanafunzi wetu wa uzamili wanaanzia hapo. Ile namba ya maambukizi tuliyoisikia kila siku mwaka 2020 wakati wa korona, kwamba ikizidi 1 ugonjwa unapanda na ikishuka chini ya 1 unaisha, ukiwa na makundi mengi pamoja, watoto, watu wazima, mbu, huipati kwa kuhesabu vidole. Diekmann, Heesterbeek na Metz walionyesha mwaka 1990 kwamba ni ile thamani aigeni, yaani namba inayosema matriksi inakuza vitu mara ngapi, iliyo kubwa kuliko zote ya matriksi moja. Aigeni! Hiyo ni aljebra ya matriksi, kozi ile ile iliyowekewa alama ya mkasi bwenini kwa sababu haina kazi.

Sisemi kila mtu abaki kwenye hisabati tupu. Takwimu nazipenda na ndizo zinazonilisha. Kwamba kaya elfu chache zilizochaguliwa vizuri zinaweza kusema ukweli kuhusu nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, hilo kwangu bado ni jambo la ajabu kila ninapolifikiria. Ninachosema ni kwamba mzizi ni mmoja, na ukiukata kwa kuogopa alama, tawi lolote utakalolikalia halitakuvumilia muda mrefu. Shahada yetu ya Tanzania ni miaka mitatu tu. Wenzetu Kenya wana minne. Hatuna nafasi ya kupoteza mwaka mzima tukikusanya A.

Turudi kwa mgeni wangu. Nikamwambia aweke pembeni karatasi yake, anipe kaunta buku. Kurasa za mbele zilikuwa nadhifu, noti za mhadhara zimepigiwa mistari kwa rula. Nikageuza nyuma kabisa, kule ambako mtu huandika vitu visivyosahihishwa na mwalimu.

Kulikuwa na swali moja, limeandikwa mara tatu katika kurasa tatu: onyesha kwamba kati ya namba halisi mbili zozote, hata zikaribiane vipi, ipo namba inayoandikika kama sehemu. Jaribio la kwanza amelikata kwa mstari mmoja mrefu. La pili limekatwa katikati, pembeni ameandika "hapa nimedanganya". La tatu lina mchoro wa penseli: mtaro mdogo, na mtu anautembelea kwa hatua za urefu ule ule. Chini yake ameandika kwamba ukichagua hatua fupi kuliko upana wa mtaro, huwezi kuuruka. Lazima mguu mmoja uingie. Kisha uthibitisho wenyewe, mistari sita, safi kabisa.

"Hili lilikuwa zoezi la lini?"

"Halikuwa zoezi. Mhadhiri alisema tulikubali tu, twende mbele. Mimi sikuweza kulikubali."

Nilikaa kimya kidogo. Msichana ambaye hawezi kukubali tu, akakesha na mtaro wa penseli mpaka mguu ukaingia, anataka kuacha uthibitisho kwa sababu kuna mtu kamwambia hauna kazi! Watu wa aina yake ndio wanaohitajika kwenye bima, kwenye takwimu, kwenye usalama wa mitandao ya benki, na zaidi ya kote darasani, ambako hisabati inaangusha watoto wetu wa kidato cha nne kila mwaka na mara nyingi mwalimu mwenyewe aliambiwa akubali tu, aende mbele. Nikamweleza pia kuhusu AIMS, taasisi iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na sasa ina vituo Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda. Wanatoa uzamili wa hisabati kwa vijana wa Afrika nzima, kwa ufadhili. Hakuwahi kuisikia, na Kigali ni safari ya basi tu kutoka hapa.

Tulipiga simu kwa shangazi tukiwa pamoja. Aliuliza swali moja: "Hiyo aliyoikesha, ataisoma bila kusukumwa?" Nikamjibu ndiyo. Akasema basi tumwache, ila takwimu moja aibakize.

Kwa hiyo orodha mpya ina uchambuzi wa pili, aljebra ya matriksi, uwezekano, na takwimu moja ya shangazi. Nafasi ya tano hajaijaza. Usajili unafungwa Ijumaa.