Benki Ikishafilisika, Bunge Lina Mamlaka Gani?

Wanaopinga sheria za kufilisi benki hudai kwamba bunge likibadilisha utaratibu baada ya benki kuanguka, limemdhulumu mteja aliyeweka fedha zake chini ya utaratibu wa zamani. Marekani hoja hiyo inasimama juu ya Katiba: Ibara ya 1, kifungu cha 10, inayakataza majimbo kutunga sheria inayodhoofisha wajibu wa mikataba. Ni hoja nzito, ila inamtazama mteja kana kwamba fedha zake bado zipo.

Kati ya 1930 na 1933 zilianguka benki zipatazo 9,000, nyingi ndogo na zenye leseni za majimbo. Mwaka 1934 bunge la Mississippi lilipitisha sheria iliyoruhusu benki iliyofungwa ifunguliwe upya, kwa mpango uliokubaliwa na wadai wenye robo tatu ya madai na kupitishwa na mahakama. Waliokataa walifika Mahakama Kuu ya Marekani wakitaka mali iuzwe, kila mtu apewe chake.

Chake kipi? Aliyeweka dola 100 hana tena dola 100. Ana fungu katika mabaki, na mabaki yenyewe kwa sehemu kubwa ni mikopo waliyokopeshwa watu wa eneo lile lile. Mfilisi, yaani msimamizi wa kuuza mali ya benki, akishinikizwa kuuza upesi, mashamba yaliyowekwa rehani yananadiwa kwa pamoja, mbele ya wanunuzi ambao akiba zao zimekwama kwenye benki zilizofungwa. Bei inaporomoka. Mkulima ambaye angemaliza deni kwa miaka mitatu anapoteza shamba leo, na mwenye amana anaambulia senti. Mara nyingine hao wawili ni mtu mmoja. Haki ya kuuza haraka namna hiyo inamlinda nani?

Tarehe 1 Aprili 1935, katika kesi ya Doty dhidi ya Love, Jaji Benjamin Cardozo aliikubali sheria ya Mississippi. Aliuona mpango ule kama njia nyingine tu ya kufilisi, chini ya usimamizi wa mahakama.

Hofu ya wapinzani iliyo na nguvu zaidi ni ya wingi: robo tatu wanaweza kuwa na maslahi yao, wakamburuza mnyonge. Hapo nawaunga mkono, na ndiyo maana sehemu ya sheria ninayoithamini zaidi ni ile ya jaji. Kura ya wengi haikutosha; mahakama ilipaswa kupima kama mpango ni wa haki hata kwa aliyekataa. Siku hiyo hiyo Cardozo huyo huyo aliitupa sheria ya Arkansas katika kesi ya Worthen dhidi ya Kavanaugh. Sheria hiyo ilikuwa imewanyang'anya wenye hatifungani, yaani hati za mkopo, karibu kila njia ya kudai kwa wakati, ikashusha adhabu ya kuchelewa kulipa kutoka asilimia 20 hadi 3. Kwa hiyo mamlaka ya bunge yalikuwa na mpaka, na mahakama iliulinda.

Kinachobaki kuniuma ni mdai mdogo asiyeweza kusubiri, mgonjwa au mzee, ambaye mpango mzuri wa miaka mitatu haumfai. Bima ya amana ya serikali ya shirikisho ilianza 1 Januari 1934, kikomo dola 2,500 kwa kila mwenye amana, lakini haikuwafikia wale ambao benki zao zilikuwa zimeshafungwa.