Mashirika ya ndege yakiungana, nani atangulie kwenye orodha ya stendibai?

Kila Desemba ndege za kutoka Dar es Salaam kuja KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hujaa watu wanaorudi Moshi, Rombo na Machame kula Krismasi. Miongoni mwao wamo wafanyakazi wa mashirika ya ndege wenye tiketi za punguzo, zile za stendibai. Mwenye tiketi hiyo hapati kiti mpaka abiria waliolipa nauli ya kawaida wameshapewa vyao. Kikibaki kiti kimoja na wanaosubiri ni watano, orodha ndiyo inayoamua. Sasa, mashirika mawili yakiungana, orodha mbili zikawa moja, nani atangulie?

Abiria wa kawaida hukutana na mpango mwingine, wa mashirika kuuziana viti hata kama hayajaungana. Anachokiona ni ndege moja yenye namba za safari za mashirika mawili. Mtalii wa Marekani anaweza kununua tiketi ya Delta, shirika la kwao, akaja kwa ndege ya KLM ya Uholanzi ili kupanda Mlima Kilimanjaro. Faida yake ni wazi: tiketi moja, na begi linapokelewa mwisho wa safari. Sisi wa Arusha na Moshi tunaoishi kwa utalii tunafaidika sana na mpango huo. Ubaya hujitokeza pale mambo yanapoharibika. Begi likipotea, kwa kawaida shauri hufunguliwa na shirika lililomfikisha abiria, hata kama fedha zake zilipokelewa na lingine. Mgeni asiyejua hilo huzungushwa bure.

Mashirika yanayoungana huutumia mpango huohuo kama daraja. American na US Airways za Marekani ziliungana kisheria Desemba 2013, lakini zilipata cheti kimoja cha kurusha ndege Aprili 2015, na mifumo ya tiketi ikaunganishwa Oktoba mwaka huo. Karibu miaka miwili kampuni ilikuwa moja na kompyuta mbili, huku kila upande ukiuza viti vya mwenzake kwa namba yake.

Namba hiyo ya pamoja haimsaidii mfanyakazi. Tiketi ya stendibai hufuata shirika linalorusha ndege, hata kama namba ya mwajiri wako imeandikwa kwenye ubao. Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania mwaka 2003, na zikauziana viti, ila kila moja ilibaki kampuni yake. Katika hali kama hiyo mfanyakazi wa upande mmoja ni mgeni upande wa pili; anasafiri kwa makubaliano, tena baada ya wenyeji. Muungano kamili ndio unaomfanya mwenyeji, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kuna njia mbili kuu za kupanga foleni. Delta na United hutazama ukongwe kazini: aliyeajiriwa mapema anatangulia wenzake wa kundi lilelile la kipaumbele. American hutazama nani amejiandikisha mapema kwa safari husika.

Wanaotetea ukongwe wana hoja nzito. Mtu aliyebeba mizigo uwanjani miaka ishirini, mishahara ikiyumba, amelipia nafasi yake kwa jasho. Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito: kijana aliyeajiriwa juzi hatafika kwao Desemba hata mara moja, kwa sababu wakongwe nao wana kwao, na huenda ni kulekule.

Kujiandikisha mapema kunaonekana ni haki kwa wote, lakini tazama kwa karibu. Dirisha likifunguliwa saa 24 kabla ya safari, aliye ofisini na simu mkononi anabonyeza dakika ileile. Wa zamu, ambaye saa hiyo yuko chini ya ndege anapakia mabegi, anakuja kubonyeza baada ya kunawa mikono. Amechelewa kwa sababu alikuwa anamfanyia kazi mwajiri yuleyule. Hilo kwangu halikubaliki, na ndiyo maana nauegemea ukongwe.

Ila ukongwe uhesabiwe kwa haki. Tarehe ya ajira ya kila mtu ibaki ileile aliyoanza nayo kwenye shirika lake la zamani. Kuwahesabia wa shirika lililonunuliwa kuanzia siku ya muungano ni kuwafanya watu wenye miaka kumi na tano kazini wawe wanafunzi. Wafanyakazi wa shirika lililonunua watalalamika kwamba wamevamiwa kwenye foleni yao, na ni kweli watashuka hatua kadhaa. Lakini nao wamepata njia mpya za kusafiri zilizoletwa na hao wageni.

Kuna jambo ambalo orodha yoyote haiwezi kulitatua. Uwanja wa Arusha, kule Kisongo, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi, na ndege inaweza kulazimika kuondoka na viti vitupu kwa sababu ya uzito. Wa kwanza kuachwa ni wa stendibai, awe mkongwe au mgeni. Aelezwe sababu hapohapo kaunta, asije akadhani ameonewa na wenzake wapya.

Kwa vijana, dawa ipo na inatumika: mashirika makubwa ya Marekani humpa kila mfanyakazi safari chache kwa mwaka zenye kipaumbele kuliko stendibai ya kawaida. Kijana wa Rombo akiweka moja kwa ajili ya Krismasi, anampita mkongwe ambaye hakuitumia yake. Kanuni hiyo itangazwe kwa wafanyakazi wa pande zote mbili kabla mifumo haijaunganishwa, wakati bado kuna nafasi ya kuipinga.