Kofia ngumu iko mkononi, kwa nini?

Trafiki akionekana kwa mbali, kofia ngumu ya bodaboda hutoka kwenye kioo cha pembeni au juu ya tangi ikapanda kichwani. Akishapitwa, inarudi pale pale. Tumezoea kuuita ukaidi.

Madaktari hawana haja ya kubembeleza. Mapitio ya tafiti ya 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo 69 ndiyo inayonisumbua. Inaitaka kofia iwe bado kichwani wakati kichwa kinakutana na lami. Bodaboda wa kijiwe chetu huisukuma kisogoni, mkanda ukining'inia, kwa sababu abiria anamwambia "kata kushoto hapo" naye hasikii. Kioo cha mbele cha kofia kimechubuliwa na vumbi. Usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika humo, shimo halioni. Saa saba mchana jasho linamwingia machoni. Kwake kofia ndiyo hatari ya sasa hivi. Ajali ni ya siku nyingine. Kwa uvaaji huo, ile 69 inabaki ngapi?

Abiria ndiyo usiseme. Jasho la mtu asiyemjua, hofu ya mapunye, na nywele alizosukwa leo asubuhi. SafeBoda, kampuni ya Uganda ya kuita bodaboda kwa simu, ilipowapa abiria kofia, iliongeza na kikofia chepesi cha kuvaa ndani. Inaonekana mtu aliwauliza abiria kwanza.

Wa "sheria kwanza" watanitajia Vietnam: 15 Desemba 2007 kofia zikawa lazima barabara zote, wakazivaa. Kweli. Ila tangu 2002 kiwanda cha Protec, Hanoi, kilikuwa kinatengeneza kofia nyepesi za nchi za joto, maana zile kubwa watu walizicheka kuwa ni majiko ya kupikia wali.

Wahandisi nao wana haki ya kuogopa kofia nyepesi. Wepesi bila lile povu gumu la ndani, linalobonyea ili fuvu lisipasuke, ni kapelo tu, na kapelo za aina hiyo zinauzwa barabarani. Kipimo kisilegezwe. Lakini kichwa cha kupimia kofia maabara ni cha chuma, kipara, hakitoki jasho. Juzi dada mmoja alipanda ametoka saluni: akaiweka kofia juu ya kitenge alichojifunga, na mkanda haukufika kidevuni.