Msasi wa Unguja Hahitaji Darubini Inayovuta Mbali

Wasasi wenzangu wa Kusini Unguja, wanaowinda nguruwe pori kwa mbwa, wanapotaka kununua darubini, swali lao la kwanza huwa ni hili: inavuta mara ngapi? Naona swali hilo ndilo linalowafanya wengi warudi nyumbani na chombo kisichowafaa. Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu darubini za uwindaji uliandikwa kwa ajili ya watu wanaowinda katika mbuga za bara au katika milima ya Ulaya, ambako mnyama huonekana akiwa mbali sana na muwindaji ana saa nzima ya kumtazama. Kwetu sisi mnyama yuko karibu, amejificha nusu, mwanga ni hafifu, na kinachotakiwa ni kumjua ni nani kabla mbwa hawajafunguliwa.

Tuitazame ardhi yenyewe. Kuanzia Muyuni hadi Mtende na Makunduchi, na kwa upande wa pili hadi Michamvi, sehemu kubwa ya msitu ni vichaka vilivyoota juu ya maweni, vimesongamana kiasi kwamba ndani yake jicho halifiki mbali hata kidogo. Darubini hufanya kazi pembezoni: ukingoni mwa shamba la muhogo, juu ya dungu (jukwaa la kulindia shamba), au mahali ambapo njia ya nguruwe inakatisha uwazi. Huko umbali ni mita 30, mita 80, mara chache mita 150. Darubini inayovuta mara 8 humleta mnyama wa mita 80 kana kwamba amesimama mita 10 mbele yako, na sijaona msasi anayehitaji zaidi ya hapo. Ukichukua inayovuta mara 12 au 16, unapoteza mambo mawili kwa pamoja: eneo unaloliona linakuwa jembamba, hata mnyama akisogea hatua mbili unamtafuta upya, na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa kwa kiwango kile kile. Mtu aliyetoka kukimbia juu ya mawe, akihema, hawezi kuishika darubini ya namna hiyo ikatulia. Kwenye maelezo ya darubini nzuri huandikwa upana wa eneo linaloonekana kwa umbali wa mita 1000. Ile inayokaribia mita 130 inatufaa, na iliyo chini ya mita 100 mimi singeinunua kwa kazi hii.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili ni paa nunga. Mnyama huyu anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, na wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1918 kutokana na mnyama wa hapa hapa kwetu. Anahifadhiwa, na Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 inawalinda wanyama wa aina yake. Lakini sheria haimsaidii mnyama aliyezungukwa na mbwa saa kumi na mbili asubuhi ikiwa mwenye mbwa hakujua anamfungulia nani. Mbwa akishafunguliwa hachagui. Nunga ana rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, mkanda mweupe unaopita matakoni, na madoadoa meupe miguuni. Paa mdogo wa kawaida ana rangi iliyofifia zaidi na uzito wake ni kilo 5 hivi, hali nunga hufikia hata kilo 10 na kupita. Nguruwe pori nao hawana rangi moja; wapo weusi na wapo wekundu wa hudhurungi, na mgongo mwekundu unaopita ndani ya majani bila kichwa kuonekana unaweza kuwa wa mmoja au wa mwingine. Alama za kuwatenganisha ni ndogo, na nyingi ni za rangi.

Kwa hiyo, ikiwa kuna darubini moja ambayo ningependa isiingie kabisa mikononi mwa msasi, ni ile yenye vioo vya mbele vinavyong'aa rangi nyekundu kama rubi. Watu huipenda kwa sababu inapendeza machoni, na wauzaji huisifu kuwa inaondoa mng'ao wa jua. Wekundu unaouona juu ya kioo ni mwanga mwekundu uliorudishwa nje, ambao ulipaswa kuingia ndani na kulifikia jicho lako. Picha inayobaki inaelekea kijani na samawati, na ule wekundu wa nunga, ambao ndio kitambulisho chake cha kwanza, umekwisha kupotea. Tafuta kioo ambacho mng'ao wake ni mdogo, wa kijani kilichokolea au zambarau, na ambacho mtengenezaji ameandika kuwa nyuso zake zote zimepakwa tabaka nyingi za kupunguza mng'ao.

Suala la mwanga lina hesabu yake, na ni hesabu nyepesi. Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele, kwa milimita, kwa idadi ya mara inazovuta, utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho. Darubini ya 8x42, yaani inayovuta mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inatoa zaidi kidogo ya milimita 5; ya 10x25, ambayo ni ndogo ya kutia mfukoni, inatoa milimita 2.5 tu. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi, lakini hupungua kadiri umri unavyokwenda, na kwa watu wengi wa makamo haizidi sana milimita 5. Sisi tuko karibu na ikweta, alfajiri yetu na magharibi yetu ni fupi: kati ya jua kutua na giza kuingia kuna dakika 20 na kidogo. Katika dakika hizo ndimo nguruwe anapotoka, na ile ya mfukoni haioneshi kitu zaidi ya kivuli. Ya 7x50 ya mabaharia inaonesha vizuri sana na nahodha hakosei kuipenda, ila ni nzito kwa mtu anayetembea juu ya maweni tangu alfajiri.

Sasa tuingie dukani. Nimezishika darubini zilizoandikwa 30x60, nyingine 60x60, usiku na mchana, na bei yake ni rahisi mno. Chukua rula upime kioo cha mbele. Mara nyingi utakuta milimita 20 na kitu, na hapo huna haja ya kuendelea na mazungumzo. Ikiwa kipimo ni cha kweli, ishike mikono ikiwa imenyooka, uielekeze penye mwanga, utazame vioo vya nyuma kwa mbali. Utaona duara dogo jeupe katika kila kimoja. Duara likiwa mviringo kamili na safi hadi ukingoni, prizmu za ndani, yaani vile vioo vya pembe vinavyoupindisha mwanga, ni nzuri. Likiwa na pembe za kijivu kama mraba uliokatwa, mwanga unapotea njiani. Halafu itazame nguzo au ukingo wa ukuta ulio mbali. Macho yakihisi kuvutwa, au picha zikikataa kuwa moja, vioo viwili havikunyooka sambamba, na utaumwa kichwa kila utakapoitumia. Ijaribu kivulini jioni, kwani adhuhuri kila darubini huonekana nzuri. Anayevaa miwani asinunue mpaka aitazame akiwa ameivaa.

Kwa pesa kidogo, zile za umbo la kizamani, ambazo vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma, hutoa picha bora kuliko nyembamba zilizonyooka za bei ile ile. Udhaifu wake ni kwamba nyingi hazikuzibwa dhidi ya maji, na kwetu unyevu ndio adui mkubwa. Kuvu huota juu ya kioo kwa ndani, nyuzi nyeupe zinazotambaa kuanzia pembeni, na hakuna fundi wa kawaida atakayeiondoa bila kuharibu mpangilio wa vioo. Ikiwezekana, nunua iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni. Ikishindikana, ihifadhi katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu, wala usiifungie ndani ya mkoba wake ikiwa bado ina umande. Vumbi la mawe lipulizwe kwanza. Kulifuta kwa ncha ya kanga ni kukikwaruza kioo.

Najua 8x42 nzuri si ya bei ya kila mtu. Maoni yangu ni kwamba kundi la wasasi lichangiane, linunue moja iliyo bora badala ya kila mmoja kuwa na yake mbovu, na ikae kwa yule anayeongoza msako. Yeye ndiye apande dunguni kabla ya wengine kusogea, atazame, na kamba za mbwa zisilegezwe mpaka yeye amesema ameona nini.