Nyota milioni 200 na moshi wa Agosti

Tangu Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga la nyota, ilipotoa toleo la 25.1, Machi 2025, mpenda nyota wa Lubumbashi ambaye bado ana toleo la miaka mitano nyuma huhesabiwa kama mtu aliyelala. Programu ni ya bure, toleo jipya limeletewa katalogi ya Gaia, yaani orodha ya nyota zilizopimwa na chombo cha anga cha Ulaya, sasa anangoja nini? Swali hilo lina haki yake na nitalifikia. Lakini wanaokataa kusasisha hawasikilizwi vizuri, na sababu zao si uvivu.

Kwanza gharama. Matoleo mapya, yaliyojengwa juu ya Qt6 (msingi wa kutengenezea programu), yanadai Windows 10 kwenda juu na kadi ya grafiki inayoielewa vizuri OpenGL, mfumo wa kuchora picha kwenye skrini. Laptopu ya mtumba ikishindwa, kuna njia ya MESA ambapo prosesa hubeba kazi ya kadi ya grafiki: programu itafunguka, ila anga litasogea kwa kukwamakwama na betri itaisha upesi, jambo zito pale usiku wa delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. Tena, aliyekwisha kupakua katalogi za ziada kwenye toleo la zamani hawezi kuzihamisha kwa kle ya USB. Muundo wa mafaili umebadilika, toleo jipya haliyasomi, na mega za intaneti zinunuliwe upya.

Na mega hizo zinanunua nini? Programu hugawa nyota kwa ngazi. Ngazi 0 hadi 3 huja nayo yenyewe: nyota zaidi ya 600,000, mpaka magnitudo 10.5 hivi (magnitudo ni kipimo cha mng'ao: namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi). Ngazi ya 4 inafika 12, ya 5 inafika 13.5, na kila inayofuata huongeza moja na nusu mpaka ya 8, kwenye 18. Darubini yenye kioo cha milimita 114 hufika karibu na 13, tena usiku wa giza kamili, mbali na taa za mji. Mwenye darubini hiyo zinamtosha ngazi 4 na 5. Ngazi 6, 7 na 8, ambazo ndizo zenye karibu nyota zote zile zaidi ya milioni 200 zinazosifiwa, jicho lake halitazifikia kamwe.

Kinachomkwamisha mtu hapa ni hewa. Kiangazi cha Katanga, Mei hadi Septemba, ndio msimu wetu wa nyota, lakini kufikia Agosti moto umepita porini na moshi wa makala umetanda. Stellarium ina kipimo cha jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na ni wachache wanaokigusa. Bonyeza F4, nenda kwenye ukurasa wa anga, fungua mipangilio ya angahewa: utakuta namba ya upotevu wa mwanga, na kwa kawaida imewekwa 0.13. Hiyo ni hewa safi. Sasa tafuta Sigma Octantis, nyota iliyo jirani na ncha ya kusini ya anga. Kwa Lubumbashi, latitudo 11°40' kusini, iko nyuzi kama 12 tu juu ya upeo, na mwanga wake hupenya unene wa hewa karibu mara tano ya ule wa utosini. Maelezo pembeni ya skrini yatakuambia magnitudo yake ya 5.4 imeshuka hadi karibu 6. Badilisha 0.13 iwe 0.35, kadirio la haki kwa usiku wa moshi, na nyota ileile inashuka hadi 7. Imetoka kwenye macho ya binadamu.

Mtu anaweza kuona ni hesabu ya kufurahisha tu. Sivyo. Darubini yenye stendi ya ikweta inataka mhimili wake uelekee ncha hiyo, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kaskazini yanategemea Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo kwetu iko chini ya upeo. Sigma Octantis ndiyo mbadala, na Agosti inatunyima hata hiyo. Mwenye kipimo cha 0.13 anaiona kwenye skrini, anaitafuta nusu saa, kisha anailaumu darubini. Mwenye 0.35 anajua tangu jioni kwamba atumie kivuli. Ning'iniza timazi mchana, soma kwenye programu dakika ambayo jua linavuka meridiani (mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini), na dakika hiyo chora mstari wa kivuli. Mwezi wa Agosti jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaonyesha kusini ya kweli. Inua mhimili nyuzi 11 na dakika 40, kazi imekwisha. Toleo la zamani linafanya hivyo sawasawa na jipya.

Hapo saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, na ndipo wengi wanapoharibikiwa. Windows ikiwekwa kwenye ukanda wa Kinshasa halafu mtu akasogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya hapa, kompyuta inaamini tumeshapita saa nzima mbele. Anga zima linahama nyuzi 15. Weka ukanda wa UTC+2 kwenye Windows, chagua Lubumbashi kwa F6, kisha linganisha saa ya chini ya skrini na ya mkononi. Jua la Agosti livuke kati ya 12:10 na 12:16, yaani saa sita na dakika kumi hadi kumi na sita. Likivuka saa tano na dakika kumi na kitu, programu yenyewe imeshika ukanda wa Kinshasa.

Upande wa pili una haki yake pia. Gaia ilipima anga kwa miaka zaidi ya kumi, na vipimo vyake vya mahali, umbali na mwendo wa nyota havina mfano. Toleo jipya linazisogeza nyota katika pande zote tatu. Anayepiga picha za anga na kupima nafasi ya asteroidi, anayefuatilia asteroidi ikifunika nyota, au mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi sura ya makundi ya nyota miaka 50,000 ijayo, huyo asasishe leo. Katalogi za zamani zilikuwa na makosa kwenye nyota hafifu, na kwa kazi yake makosa hayo yanaumiza.

Kwa mwenye darubini ya macho mawili na ile ya kioo cha milimita 114, data inayochakaa ni nyingine: njia za setilaiti, ambazo baada ya wiki mbili zinaweza kukosea kwa dakika kadhaa, na kometi mpya. Zote huongezwa ndani ya toleo alilonalo, bila kusasisha programu. Azime usasishaji wa kujiendesha wa setilaiti, aulize mwenyewe siku anapohitaji. Na kwenye faili la config.ini, sehemu ya video, apunguze namba ya maximum_fps, yaani kikomo cha picha kwa sekunde: anga halihitaji picha 60 kwa sekunde ili kusogea nyuzi 15 kwa saa, na betri itadumu zaidi.