Mvuke wa Lassen na stima ya Umoja

Mama aliponitembelea Sacramento mwaka jana nilimpeleka Lassen, mbuga ya volkano kaskazini mwa California. Magoti yake yaliisha kwa ngazi za ploti yetu pale Umoja, Nairobi, kwa hiyo nilichagua Sulphur Works, ambako mvuke unafuka kando ya lami. Unashuka garini, umefika. Nyuma ya kizuizi tope la kijivu lilikuwa likitokota kama uji uliosahaulika jikoni, likirusha matone, na harufu ya yai viza imejaa hewani.

"Hapa mtu angechemsha mayai," Mama akasema. Ndiye aliyenifungia mayai mabichi kwenye leso, nikiwa darasa la sita, tulipopelekwa na shule Ziwa Bogoria kuyachemsha kwenye chemchemi za maji moto.

Nikamwambia asithubutu: tope lile lina asidi, na ardhi pembeni ni ganda tu. Miaka ya 1860 mtu aitwaye Bumpass alitumbukiza mguu humu mbugani, ukaungua hadi ukakatwa. Pale mahali pakaitwa Bumpass Hell.

"Kumbe nao wana Hell's Gate yao, kama mbuga yetu ya Naivasha. Na huu mvuke unafanya kazi gani?"

"Unatazamwa tu, Mama."

Akatikisa kichwa. Kwetu mvuke uliajiriwa zamani. Olkaria, kule kule Naivasha, inazalisha umeme tangu 1981, na neno letu lenyewe la umeme, stima, lina asili ya mvuke. (Wamarekani nao wanao umeme huo, pale The Geysers, ila ndani ya Lassen hawagusi kitu.) Kwa hilo naipigia Kenya kura bila kusita.

Lakini Mama amewasha taa kwa mvuke wa Naivasha miaka na miaka, na kuuona kwa macho ilibidi apande ndege. Kule Hell's Gate, kuona maji moto yakichuruzika ukutani, unateremka korongoni kwenye mawe ya utelezi, mwongozaji amekushika mkono. Mwenye mkongojo abaki kwenye gari. Hivi kipande cha njia na mahali pa kushika vingetugharimu nini?

Juzi nikampigia. Stima ilikuwa imepotea tangu saa moja, amesimamisha mshumaa kwenye kikombe.

"Hebu waulize hao watu wako," akasema, "kama wanaweza kutuazima lile tope, maadamu hawalitumii."